Msaada: transfoma ya tani 98 kutoka bandari ya Dar kwenda Mbeya, lobedi la ekseli tatu linaweza?

Mtoto_wa_Mbagala

Wakuu kwema? Naombeni ushauri wa wenye uzoefu wa mizigo mikubwa, sio wa kusimuliwa. Mimi nina hosi (vichwa vya kuvuta tela) mbili za 6x4 na lobedi (tela la chini la mizigo mizito) moja la ekseli tatu, kazi zangu ni kuhamisha eskaveta na greda za wakandarasi wa barabara, Lindi, Tanga, Dodoma huko, maisha yanaenda. Juzi kuna dalali kanipigia anasema kuna transfoma inashuka bandarini Dar mwezi ujao, inaenda kituo cha kupoza umeme upande wa Mbeya, ukubwa wake MVA 60, inapoza umeme kutoka kilovolti 132 kwenda 33, na karatasi aliyonirushia wasapu imeandikwa uzito tani 98. Anataka bei kabla ya Ijumaa.

Sasa lobedi langu kibati kinasema tani 60. Nikawaza nikodi lingine lenye ekseli nyingi zaidi niunganishe na doli (kitela kidogo cha kusaidia kubeba) kwa mbele, hosi moja ivute nyingine isukume nyuma, tuondoke. Ila roho inasita kidogo kwa sababu nimeulizia kampuni moja kubwa wanafanyaje hizi kazi, bei waliyonitajia ni kama wanauza na lori lenyewe. Maswali yangu: hiyo njia yangu inawezekana? Kibali kinachukua muda gani na naanzia ofisi gani? Trafiki wa eskoti analipwa na nani, mimi au mteja? Na kwa nini hawa jamaa ni ghali hivyo?

Msinicheke, kila mtu anaanzia mahali.

Kichwa_Ngumu

Piga kazi mwamba. Mimi nimebeba eskaveta ya tani 50 kasoro kutoka Dar mpaka Makambako kwa lobedi la kawaida, kibali kilikuwepo, mlima Kitonga nilipanda usiku wala sikusimama. Ukiwaza sana hii biashara utabaki kubeba mchanga. Tafuta lobedi la ekseli sita, funga minyororo ya kutosha, twende.

Ekseli_Kumi

@Kichwa_Ngumu eskaveta ukiishusha imepata mtikisiko inawashwa inaendelea kuchimba, transfoma ikipata mtikisiko mbaya unaweza ukaifikisha inang'aa kama mpya na ikawa imekufa ndani, na itagundulika wiki tatu baadaye wakipima, wewe ushalipwa nusu na nusu nyingine hutaiona maisha. Pia eskaveta uzito wake uko chini kwenye cheni, transfoma ni boksi refu limesimama, uzito uko juu, kona yenye mteremko wa pembeni inaihisi tofauti kabisa. Na hiyo ya kupanda Kitonga usiku na kibali mfukoni usiirudie kuitaja hadharani maana kibali cha mzigo uliozidi kinasema mchana tu, labda wakupangie muda maalum wa kuvuka mji.

@Mtoto_wa_Mbagala nikujibu kwa mpangilio wa ninavyokumbuka, mimi nimefanya modula (tela za haidroliki za kuunganisha vipande kwa mizigo mizito) miaka, Tanzania na Zambia.

Kwanza kabisa hiyo tani 98 usiiamini mpaka uone drowingi ya usafirishaji. Transfoma ina uzito wa aina mbili, uzito ikiwa imekamilika imefungwa kila kitu na imejaa oili, na uzito wa kusafirishia, ambapo oili haimo, rejeta za kupozea oili zimetolewa, bushingi (zile nguzo za kupitishia umeme kuingia ndani) zimetolewa, tangi la juu la oili limetolewa. Madalali wanasoma namba kubwa kwenye kibati wanakupa hiyo. Kwa MVA 60 ya 132 sishangai ikisomeka sitini na kitu ukitoa hivyo vyote. Muombe karatasi ya kiwanda inaitwa transport drawing, ina vipimo, ina mahali kitovu cha uzito kilipo, ina pointi za kuwekea jeki na pointi za kufungia. Akikosa kukupa hiyo karatasi ujue hata yeye mzigo hana, anatafuta bei akauze bei.

Pili, tani 60 iliyoandikwa kwenye kibati cha lobedi ni chuma cha lobedi kinavyohimili. Barabara haijui kibati. Sheria ya kudhibiti uzito ya Afrika Mashariki ya 2016, ambayo hapa kwetu ilianza kubana 2019, inahesabu ekseli: ya mbele ya hosi tani 8, mbili za nyuma ya hosi pamoja 18, tatu za tela pamoja 24. Jumlisha unapata 50, na gari lolote lile hata uweke ekseli saba mwisho ni 56 pamoja na uzito wa gari lenyewe. Hosi na lobedi tupu tayari ni kama 25. Kwa hiyo kihalali bila kibali maalum unabeba 25 mpaka 30 hivi, basi. Ndio maana hata eskaveta kubwa inaombewa kibali.

Ukienda kuomba kibali kwa mzigo wa sitini kwenda juu hawakuulizi una hosi ngapi, wanakuuliza kila mstari wa matairi unaweka tani ngapi chini na mistari imeachana kiasi gani, kwa sababu mhandisi anachukua hizo namba anazipeleka kwenye kila daraja na kila kalvati la njia yako. Hapo ndipo lobedi na doli lako linakwama, utakuwa na ekseli zenye tani 15, 16, na hizo hakuna anayezisainia.

Modula ni kitu kingine. Kila mstari una matairi nane, na kila seti ya magurudumu inapanda na kushuka kwa haidroliki na inageuka yenyewe. Tuseme mzigo ni 62 na umeweka mistari kumi, modula zenyewe zina kama 38, jumla 100, gawa kwa kumi, tani 10 kwa mstari wenye matairi nane. Mhandisi akiona hiyo anaweza kukaa na wewe mezani. Ndiyo unayolipia kwenye ile bei iliyokushtua, pamoja na watu wa kuiendesha, maana ule mtambo hauendeshwi na dereva peke yake, kuna mtu anatembea nyuma kwa miguu na rimoti kifuani anakata kona za nyuma, na kuna mwingine macho yake yote yako kwenye geji za haidroliki.

Vibali unaanzia TANROADS (wakala wa barabara) na Wizara ya Ujenzi. Muda siwezi kukutajia, inategemea njia na madaraja, ila kama mzigo uko melini tayari na wewe hujaomba, umechelewa. Eskoti ya polisi unaiweka kwenye bei yako, mteja analipa kupitia wewe, na magari yako mawili ya mbele na nyuma yenye taa za njano na mabango ni juu yako vile vile.

Bushingi_132

Ekseli_Kumi kamaliza ya barabarani, niongeze ya umeme maana hapa ndipo wasafirishaji wengi wanapigwa.

Transfoma ikitolewa oili haiachwi wazi, inajazwa hewa kavu au naitrojeni kwa presha ndogo juu ya hewa ya nje ili unyevu usiingie, kwa sababu ndani kuna karatasi na mbao za kuhami umeme zinazonyonya maji vibaya sana. Kuna geji pembeni ya tangi na mara nyingi mtungi wa gesi umefungwa hapo hapo kwa ajili ya kuongezea. Siku unayoipokea, KABLA haijagusa tela lako, simama na wakala, mtu wa bima, mtu wa meli na mtu wa mteja, someni geji, piga picha, andikeni joto la siku hiyo pia (presha inabadilika na joto, asubuhi Iringa na mchana Dar haziwezi kufanana usije ukadhani imevuja), wote wasaini. Halafu njiani asubuhi na jioni mtu wako anaandika. Ikishuka mpaka sifuri umebeba sanduku linalovuta unyevu.

Kitu cha pili ni kirekodi cha mishtuko. Ni kiboksi kidogo kimefungwa juu ya tangi, kwenye mashine za ukubwa huo huwa viwili, kinaandika kila mtikisiko kwa pande tatu na saa uliyotokea, vingi vya sasa vina na GPS. Kiwanda kinaandika kikomo, nyingi nilizoziona ni 3g (mara tatu ya nguvu ya mvutano wa dunia). Muombe mteja data ipakuliwe bandarini kabla hujasaini kupokea. Nimeshuhudia kesi ya kampuni moja, sitaitaja, walipokea bila kusoma, kufika saiti kirekodi kina mshtuko mkubwa, mteja anasema ni nyie, wao wanasema ni baharini, tarehe ilipoangaliwa ikaonekana mshtuko ulitokea wakati meli iko njiani, lakini kufika hapo walishakaa na wanasheria miezi.

Na kulaza ni marufuku. Mwinamo unaoruhusiwa umeandikwa kwenye ile drowingi, kila kiwanda na namba yake. Kwa lobedi la kawaida kwenye kona ya mlimani unautazamaje mwinamo? Modula unalisawazisha kwa haidroliki, barabara inalala upande, meza ya juu inabaki sawa.

Mtoto_wa_Mbagala

Dah wakuu nimesoma mara mbili. Nimembana dalali akanipa namba ya ajenti, ajenti katuma drowingi. Kweli bwana, uzito wa kusafirishia ni tani 62, urefu mita 6.4, upana 3.1, kimo 3.9. Hizo 36 zingine kumbe ni oili na makorokoro yake, yanakuja na makontena na masanduku. Ajenti anasema meli ina kreni zake.

Sasa nimeelewa lobedi langu halifai. Ila nataka nijue njia ikoje ili nisionekane mjinga nikikaa na wenye modula. Na je meli ikishusha tukaweka chini kwanza tukisubiri kibali si inawezekana?

Ekseli_Kumi

Umeona sasa, 62. Nilikuwa nakisia tu.

Kuweka chini usiwaze hata kidogo. Kreni ya meli ikiwa imeinua, gharama ya kuinua ishalipwa, unaleta modula chini ya ndoano wanakuwekea juu ya modula, umemaliza. Ukiiweka chini utahitaji kreni kubwa ya nchi kavu kuinyanyua tena au ukae na jeki na magogo siku nzima kuipandisha sentimita kwa sentimita, huku tozo za kukaa bandarini zinahesabu. Kwa hiyo kibali, modula na meli lazima vikutane siku moja, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko kuendesha. Modula lenyewe likipandishwa halina haja ya kuondoka siku hiyo hiyo, linaweza kutolewa likasubiri kwenye yadi nje mzigo ukiwa juu.

Kimo chako: meza ya modula iko kama mita 1.1 au 1.2 juu ya lami, weka 3.9, uko mita 5 na ushee. Hapo ndipo savei (upimaji) ya njia inaanza na mimi nakwambia isifanywe na mtu wa kuangalia kwa macho. Tunachukua pikapu, tunafunga bomba la PVC wima kwenye bampa la mbele, juu yake tunaongeza kifimbo laini mpaka kimo cha mzigo na sentimita kama ishirini za ziada, tunatembea njia nzima polepole. Kifimbo kikigonga unasikia tak, unasimama, unapima kwa laza, unaandika kilomita, unapiga picha. Mijini kitakachokugonga sana ni waya za kuingiza umeme kwenye nyumba na maduka zilizovuka barabara, na waya za simu na intaneti ambazo kila mtu anajifungia anavyotaka. Laini kubwa za juu ziko juu vya kutosha. Hizo ndogo unaandikia TANESCO na watu wa mawasiliano mapema, na siku ya kupita kunakuwa na gari lenye ngazi na mafundi linatangulia, wanainua au wanakata wanarudisha. Usije ukamtuma utingo na mti mkavu apande juu ya transfoma kuinua waya, watu wamekufa hivyo.

Kutoka bandarini unaingia Mandela, unapita chini ya flaiova ya Mfugale pale TAZARA, Buguruni, Tabata, mpaka Ubungo. Pale Ubungo wewe unakata kushoto kuingia Morogoro Road kwa hiyo zile ghorofa za Kijazi (barabara za juu za hapo Ubungo) hazikuhusu sana, lakini madaraja ya waenda kwa miguu yote pima, na madaraja ya reli pima, usichukue namba ya mtu wa mwaka juzi kwa sababu lami ikiongezwa tabaka jipya kimo kinapungua na hakuna anayebadilisha kibao. Kimara mpaka Kibaha siku hizi raha, njia nane, zamani ilikuwa mateso.

Vigwaza na Mikese kwenye mizani usidhani unapita tu kwa sababu una kibali. Wanapima mstari mmoja mmoja na kulinganisha na ulichoandika kwenye maombi. Ukiandika tani 10 na mizani ikasoma 12 kwa sababu mzigo umekaa mbele kidogo, unarudi pembeni kusogeza, na transfoma ya tani 62 kuisogeza nusu mita juu ya modula kando ya barabara kuu ni jambo la kulia. Kwa hiyo siku ya kupakia kitovu cha uzito kinawekewa alama ya rangi kwenye tangi na kwenye modula, kreni inashusha mpaka alama zikutane.

Halafu Mikumi matuta. Lobedi la chini lingekaa tumbo pale. Modula unalinyanyua linapita, ila ni tuta moja moja kwa mwendo wa mtu anayetembea, na nyuma yako mabasi ya Mbeya yanapiga honi kama wewe ndiye uliyeyajenga.

Kitonga sasa. Wanaojua wanajua: mwamba upande mmoja, korongo upande mwingine, kona zimebanana na lori moja likifa pale foleni inafika Ruaha Mbuyuni. Kwa modula lako lenye upana wa mita 3 na mzigo 3.1 hupishani na mtu. Barabara inafungwa kwa makubaliano na polisi, magari ya juu yanazuiwa juu, ya chini yanazuiwa chini, hosi mbili mbele zimeunganishwa kwa baa, moja nyuma inasukuma, madereva watatu wanaongea kwa redio na wote wako kwenye gia moja waliyokubaliana tangu chini, hakuna kubadilisha katikati. Pembeni ya matairi wanatembea vijana kila mmoja na kabari ya mbao, ikitokea kusimama tu wanachomeka kabla dereva hajamaliza kuvuta breki. Hosi za mbele zinawekewa uzito mgongoni, vyuma au zege, bila hivyo matairi yanazunguka bure kwenye lami yenye mafuta. Ukiona hiyo kitu inapanda ndio utaelewa bei.

Madaraja: kwenye barua ya kibali kila daraja lenye wasiwasi linaandikiwa sharti. Kupita katikati kabisa, kilomita tano kwa saa, hakuna gari lingine juu yake, hakuna kushika breki wala kukanyaga mafuta ghafla ukiwa juu. Kuna mengine watakwambia usipite, fanya mchepuko. Mchepuko wa mtoni kiangazi unawezekana, masika sahau. Uliza tarehe ya meli vizuri kwa hilo.

Na kilomita za mwisho kutoka lami kwenda kituoni ndizo zinazosahaulika. Barabara ya udongo, kalvati dogo la kijiji. Mwambie mteja ashindilie njia na akuonyeshe kwa picha.

Mswahili_wa_Changamwe

Salaam kwenu ndugu zetu wa Bongo, nawasoma kutoka Mombasa. Haya yote ni yale yale huku, tofauti ni kwamba kibali twakitoa KeNHA (mamlaka ya barabara kuu za Kenya) na mizani ya kwanza ni Mariakani, na mlima wetu wa kuogopesha ni ule wa Mai Mahiu ukiwa waelekea Olkaria.

Niongeze jambo moja juu ya njia za mwisho alizosema Ekseli_Kumi. Mradi wa upepo wa Turkana, ule wa Loiyangalani, mitambo 365, kila mmoja kilowati 850, jumla megawati 310. Vyuma vyote vilishuka bandari ya Kilindini vikasafiri kama kilomita 1,200. Kitu kilichofanya kazi ile iwezekane ni barabara, wenyewe walilazimika kutengeneza kilomita 208 kutoka Laisamis hadi Sarima kabla malori hayajaanza safari za kweli kweli. Bapa (yale mabawa yanayozungushwa na upepo) za ile mitambo si ndefu sana kwa leo, kama mita 25, na bado kona ndizo zilizosumbua, kwani bapa haina uzito wa kutisha lakini mkia wake wafagia kila kitu nje ya barabara, miti, vibao, mpaka paa la kibanda cha mama wa chai. Transfoma ni kinyume, fupi na nzito. Savei yake ni ya chini na ya juu, ya bapa ni ya pembeni. Wale wanaotumia ripoti ya savei ya mzigo mmoja kwa mzigo mwingine huwa wanashangaa.

Na jambo la kuchekesha ni kuwa mitambo ilikuwa yasimama 2017, ikakaa ikingoja laini ya umeme ya zaidi ya kilomita 400 kwenda Suswa mpaka 2018. Sisi madereva tulikimbizwa usiku na mchana ati mradi unachelewa.

Kichwa_Ngumu

Sawa walimu, nimekaa pembeni nasoma. Ila swali, Mbeya si TAZARA inafika? Kwa nini mtu ahangaike na Kitonga wakati reli inapita kwingine kabisa?

Ekseli_Kumi

Swali zuri hilo, leo umeamka vizuri. TAZARA inafika na imewahi kutumika kwa mizigo mikubwa, bwawa la Nyerere kule Rufiji, lile la mashine tisa za megawati 235, sehemu ya mizigo ilienda kwa reli mpaka stesheni ya Fuga halafu ikamaliziwa kwa malori kwenye barabara ya kwenda bwawani. Kwa saruji, nondo na vyuma vya kawaida reli haina mpinzani.

Kwa boksi la upana 3.1 na kimo 3.9 mambo yanabadilika. Ile reli ina upana wa milimita 1,067, na kila behewa lina umbo la mwisho linaloruhusiwa kupita, kati ya Mlimba na Makambako kuna mahandaki, huwezi kumuomba mtu ainue handaki. Unahitaji behewa la tumbo la chini, lipatikane, liwe zima, na bado ukifika stesheni unahitaji kushusha kwenye behewa na kupandisha kwenye modula, yaani ile kazi ya kunyanyua tuliyoikwepa bandarini inarudi, na modula bado unalihitaji kwa kilomita za mwisho. Waulizwe, sio mbaya, drowingi ipo, watakujibu inapita au haipiti. Ila nisingeweka bei yangu juu ya hilo.

Mtoto_wa_Mbagala

Nimeongea na ajenti tena, nikamwambia ukweli kwamba mwili wa transfoma mimi siwezi, atafute wenye modula na nikamwambia na maswali ya kuwauliza (asanteni, alidhani nimefanya hizi kazi tangu zamani). Akasema sawa, lakini je naweza kubeba vingine? Rejeta, bushingi, tangi la juu, oili, vyote vinashuka meli hiyo hiyo. Kuna tatizo lolote hapo nisilolijua?

Bushingi_132

Hiyo ndiyo kazi yako sasa, na ina pesa safi. Kama jumla ni 98 na mwili ni 62, hizo 36 zaidi ya nusu ni oili, zilizobaki vyuma na masanduku. Mzigo wa kihalali wa kawaida, hosi zako mbili ukizikodia flatibedi (tela la wazi la kawaida) zinatosha, labda na gari moja la ziada kwa oili ikija kwenye madramu.

Bushingi angalia sana. Ni kaure au plastiki ngumu, zinakuja kwenye masanduku marefu ya mbao yenye alama ya upande wa juu na mara nyingine alama ya pembe ya kulalia. Zipakie peke yake, usiweke kitu juu hata turubai la kukunja, funga kwa mikanda usifunge kwa mnyororo. Kibandiko cha mshtuko kwenye sanduku kikiwa kimebadilika rangi bandarini, picha na saini kama kawaida. Rejeta zina mapezi membamba, mnyororo ukikaza juu yake umetoboa, na zimezibwa mdomo kwa vifuniko, vifuniko visitoke. Oili hakikisha mihuri ya madramu, mvua ya Makambako ikiingia kwenye dramu moja tu lililolegea wataikataa.

Na mpangilio: mteja anataka hivyo vifike pamoja na mwili au kabla yake kidogo. Ile gesi ndani ya tangi haikai milele, mafundi wanataka wafungue, wafunge bushingi na rejeta, wavute hewa kwa vakyumu, wajaze oili mfululizo. Ukichelewa wiki na bushingi, timu nzima ya kiwanda imekaa hoteli Mbeya inahesabu siku, na hizo siku atazilipa aliyechelewesha.

Ekseli_Kumi

Na ukishusha kule usirudi tupu. Modula likimaliza kazi linafunguliwa vipande, vinapandishwa juu ya tela la kawaida kurudishwa Dar, hakuna mwenye akili anayeburuza mistari kumi tupu kilomita mia nane na kitu akimaliza matairi themanini. Muulize mwenye modula kama anahitaji flatibedi za kurudishia, wengi wanahitaji na hawapendi kukodi dakika ya mwisho. Bei ya kurudi utaiweka wewe, na Ijumaa bado haijafika.